Uchaguzi wa Vifaa vya Seva ya Kumbukumbu za Wagonjwa kwa Bajeti Ndogo

Mjamzito atokaye visiwa vya delta ya Rufiji hufika hospitalini Mchukwi, wilayani Kibiti, baada ya safari ya mtumbwi na gari. Ikiwa aliwahi kudhurika kwa penisilini, taarifa hiyo yapasa kuonekana kabla ya sindano kuandaliwa. Inapohifadhiwa kwenye kompyuta, usalama wake hutegemea vifaa vilivyonunuliwa, na mara nyingi fedha zenyewe ni chache.

Kuweka taarifa za afya katika kanzidata si jambo jipya ukanda huu. Mradi wa ufuatiliaji wa kaya wa Rufiji, ulioanza mwaka 1998 na kuwa na kituo Ikwiriri, ulikusanya nyumba kwa nyumba taarifa za vizazi, vifo na uhamaji. Tofauti ni kwamba kanzidata ya hospitali huulizwa saa yoyote, mgonjwa akiwa mbele ya daktari.

Seva ni kompyuta inayotunza kanzidata hiyo na kuwapelekea watumishi kurasa wanazozifungua mapokezini, maabara na famasi. Wanunuzi wengi huanza kwa kutafuta prosesa yenye kasi kubwa. Hilo ni kosa. Kituo kinachohudumia wagonjwa 100 kwa siku, kila mmoja akiandikiwa kilobaiti 10 za maandishi, huzalisha takriban megabaiti 1 kwa siku, yaani chini ya megabaiti 400 kwa mwaka. Kompyuta ya ofisini iliyotumika, ikiwa nzima, huimudu kazi hiyo. Programu huria kama OpenMRS, iliyoanza mwaka 2004 na kutumika mapema Eldoret nchini Kenya, huhitaji zaidi kumbukumbu ya muda ya kutosha. Gigabaiti 16 ni kiasi kizuri. Picha za eksirei ni habari nyingine, kwani hujaza diski upesi.

Fedha iliyookolewa kwenye prosesa iende kwenye diski na umeme. Kanzidata huihesabu taarifa kuwa imehifadhiwa pale diski inapoithibitisha. Baadhi ya diski za bei rahisi huthibitisha mapema, maandishi yakiwa bado katika hifadhi ya muda. Umeme ukikatika wakati huo, kipimo cha mgonjwa hupotea, au faili zima huharibika. Diski za seva zisizo na sehemu zinazozunguka, zenye akiba ndogo ya umeme ndani yake, humaliza kuandika kwanza. Zinunuliwe mbili zenye kubeba taarifa zilezile, ili moja ikifa nyingine iendelee.

Ulaji wa umeme nao uangaliwe. Seva kubwa ya mtumba inayotumia wati 200 hula uniti 4.8 kwa siku; kompyuta ndogo ya wati 30 hula 0.72. Hiyo ndogo hudumu muda mrefu zaidi kwenye UPS, na hutoa joto kidogo, jambo la maana katika chumba kisicho na kiyoyozi. UPS iunganishwe na seva kwa waya wa mawasiliano, ili betri ikikaribia kuisha seva ijizime yenyewe kwa utaratibu. Betri hiyo huchakaa, na joto la pwani huiharakisha. Bajeti itaje tangu mwanzo gharama ya kuibadilisha.

Diski mbili hazichukui nafasi ya nakala rudufu. Mtumishi akifuta jalada kwa bahati mbaya, hufutika kote kuwili. Radi, mwizi au mafuriko, kama yale ya Aprili 2024 Rufiji na Kibiti, huchukua zote pamoja. Nakala ya kila usiku iwekwe kwenye diski ya nje, ifungwe kwa nywila, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 huzihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, kisha itunzwe jengo jingine. Mara moja kwa mwezi nakala hiyo ifunguliwe kwenye kompyuta tofauti, na jalada la mgonjwa mmoja lisomwe hadi mwisho.