Maziwa ya Mwezi Pangoni: Tazama, Usiguse

Ukiingia katika pango la mawe ya chokaa, huenda ukaona ukutani utando mweupe, laini, tofauti na mawe magumu yanayoning'inia juu. Utando huo huitwa maziwa ya mwezi. Ni madini, na ndani yake wanaishi viumbe wasioonekana kwa macho.

Utayatambuaje?
Yakiwa na unyevu ni mororo kama mtindi mzito. Yakikauka hubaki unga. Chini ya hadubini mara nyingi utaona fuwele nyembamba zenye umbo la sindano. Aghalabu ni kalsiamu kaboneti, kemikali ileile iliyounda mawe ya chokaa.

Yanatokeaje?
Maji ya mvua yanayopenya ardhini huyeyusha chokaa na kuifikisha pangoni. Humo bakteria na kuvu huvunjavunja mabaki yenye nitrojeni na kutoa amonia. Amonia hupunguza asidi ya maji, na chokaa hugeuka fuwele tena, zikanaswa kwenye nyuzi za viumbe hao. Kwingine, hasa penye baridi kali, vijidudu si lazima wawe na mchango mkubwa.

Je, ni dawa?
Mwaka 1555 mwanasayansi Conrad Gessner aliandika habari za maziwa haya kutoka Mlima Pilatus, karibu na Lucerne, Uswisi. Kwa karne kadhaa Wazungu waliyatumia kutibu kiungulia na vidonda. La kiungulia linaeleweka: kalsiamu kaboneti imo hadi leo katika vidonge vya kutuliza asidi. Kuhusu vidonda, watafiti nchini Ubelgiji wamekuta humo bakteria wa Streptomyces, na baadhi yao huzuia bakteria wengine kukua. Jamii hiyo ndiyo iliyotupa streptomaisini, dawa ya kifua kikuu, mwaka 1943. Lakini dawa hutengwa, husafishwa na kupimwa. Tope la pangoni halijapitia hayo. Usilile wala usilipake.

Ukiyaona
- Usiguse. Alama ya kidole hudumu miaka mingi, na mkono huacha mafuta na vijidudu wageni.
- Fuata njia iliyowekwa.
- Usile pangoni. Makombo hulisha kuvu wasio wenyeji.
- Safisha viatu kabla ya kwenda pango jingine.
- Piga picha. Sampuli waachie watafiti wenye kibali.