Mboga za Uani, Damu ya Mama na Macho ya Mtoto

Je, mmewahi kumwona mtoto ambaye mchana hucheza vizuri na wenzake, lakini giza la jioni likianza kuingia hujikwaa kizingitini, au hupapasa mkeka akitafuta bakuli lake ambalo wenzake wanaliona? Wazazi wengine humcheka, wengine humkaripia kuwa ni mzembe. Kumbe mtoto huyo amepungukiwa vitamini A mwilini. Asiposaidiwa, macho hukauka na kupoteza mng'ao, kisha kioo cha jicho huweza kupata kidonda, na kidonda hicho kikishaliharibu jicho, kuona hakurudi. Surua ikimpata mtoto wa namna hiyo mambo huharibika upesi sana.

Mtoto mwenye dalili hizo apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Asitiwe maji ya majani wala dawa yoyote ya kienyeji jichoni. Huko kituoni atapewa vitamini A, na mama ataulizwa kama mtoto amekuwa akipata matone yale ya kila miezi sita wanayopewa watoto wa kuanzia miezi 6 hadi kutimiza miaka 5. Matone hayo ni ya lazima, tusiyadharau. Lakini kati ya tone na tone kuna siku 180 za kula, na somo letu la mwezi huu linahusu siku hizo.

Katika uchunguzi wa afya uliofanyika nchini Tanzania mwaka 2022, watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka 5 walionekana wamedumaa, na zaidi ya wanawake 4 katika kila 10 walio katika umri wa kuzaa walikuwa na upungufu wa damu. Mama asiye na damu ya kutosha akijifungua na kutokwa na damu nyingi, yu hatarini kuliko mwenzake. Jambo la kusikitisha ni kwamba mara nyingi nyumba hizo zina kiwanja, zina maji ya kuoshea vyombo yanayomwagwa kila siku, na mchicha unajiotea wenyewe nyuma ya choo au kando ya zizi. Watu huuita mboga ya maskini. Mgeni akija wanaona haya kumpakulia mnavu, afadhali watafute kabeji, ingawa majani meupe ya kabeji hayafikii hata kidogo majani mabichi ya kijani kibivu kwa vitamini A. Wataalamu wa mboga wa Tengeru, Arusha, wanakusanya na kuboresha mbegu za mnavu, mgagani na mchicha tangu miaka ya tisini. Kama wasomi wanazitafuta kwa bidii hivyo, sisi tunazionea haya kwa nini?

Tuanze na kiwanja. Bustani ya kulisha nyumba haihitaji eka. Matuta matatu au manne yenye upana wa mita 1 na urefu wa mita 4 yanatosha kuanzia. Upana usizidi mita 1 na robo, ili mtu aweze kupalilia na kuchuma toka pande zote mbili bila kukanyaga tuta. Chimbeni kwa kina cha jembe, vunjeni mabonge, kisha changanyeni samadi iliyooza, kama debe moja kwa kila mita ya mraba. Tunasisitiza: iliyooza. Samadi mbichi huunguza miche, tena ina vijidudu na mayai ya minyoo. Irundikwe, ifunikwe kwa majani, igeuzwe mara kwa mara kwa muda wa miezi mitatu. Ikiwa tayari haina joto wala harufu mbaya, na hupukutika mkononi kama udongo wa msituni.

Mbegu za mchicha ni ndogo mno. Zichanganyeni na mchanga mkavu kabla ya kusia, la sivyo zitaota kwa mafungu. Baada ya majuma matatu au manne mtaanza kuchuma. Kosa la wengi ni kusia tuta zima siku moja: mboga yote hukomaa pamoja, inaliwa juma moja mpaka watoto wanaikinai, kisha hakuna kitu kwa mwezi mzima. Sieni robo ya tuta kila baada ya siku kumi. Sukuma wiki isiwe hivyo. Hiyo isiwe kwenye kitalu, ikifika majuma manne hadi sita ihamishiwe jioni, mche hadi mche nusu mita. Matembele hupandwa kwa vipando vya urefu wa sentimeta 30, theluthi mbili chini ya udongo. Mkiweza, chagueni viazi lishe, vile vyenye nyama ya rangi ya chungwa, kwa sababu hapo mnapata mboga juu na vitamini A chini. Kiazi cheupe kinashibisha lakini vitamini hiyo hakina. Mgagani hukimbilia kutoa maua, kwa hiyo kateni vikonyo vya maua mapema. Pembeni pandeni mipapai miwili au mitatu na maboga, ambayo majani yake, maua yake, tunda lake na mbegu zake vyote huliwa. Ni mmea gani mwingine ulio mkarimu hivyo?

Kwa ndugu zetu wa mijini walio na ua wa saruji, gunia linatosha. Tafuteni kopo kubwa lililotobolewa juu na chini. Lisimamisheni katikati ya gunia, lijazeni kokoto, na pembeni yake jazeni udongo uliochanganywa na samadi. Kisha vuteni kopo juu na kurudia mpaka gunia lijae. Nguzo ile ya kokoto ndiyo njia ya maji kufika chini. Toboeni gunia pembeni na kupachika miche. Gunia moja kubwa huchukua miche 30 na zaidi.

Maji ndiyo kilio cha wengi, hasa wenzetu wa Dodoma na Singida ambako mvua hukatika Aprili au Mei na kurudi mwishoni mwa mwaka. Hapo matandazo ni nusu ya kazi: funikeni udongo kwa nyasi kavu au maganda ya karanga, na maji ya ndoo mbili yatafanya kazi ya ndoo nne. Mwagilieni asubuhi na mapema au jua likishuka. Maji yaliyosuuzia nguo na kuoshea mboga yanafaa, mradi yamwagwe chini kwenye udongo na yasiwe na mafuta mengi wala dawa ya kung'arishia nguo.

Sasa jambo ambalo hatuwezi kulipita haraka. Wadudu wakiingia, wapo watu wanaochukua dawa ya pamba au ya nyanya iliyobaki shambani na kuipuliza juu ya mchicha, na keshokutwa mchicha huo uko mezani au sokoni. Hiyo ni sumu. Kila dawa ina siku zake za kusubiri kabla ya kuchuma, nazo zimeandikwa kwenye kibandiko. Na mboga ya majani inayochumwa kila siku chache haina nafasi ya kusubiri. Vidukari vioshwe kwa maji yenye povu la sabuni ya mche, au pondeni majani na mbegu za mwarobaini, loweka usiku kucha, chujeni, nyunyizeni jioni. Viwavi viokotwe kwa mkono, kazi ambayo watoto wanaifurahia. Na chupa ya dawa ya shambani isigeuzwe kamwe kuwa chupa ya mafuta ya taa au ya maziwa.

Tuingie jikoni, maana mboga nyingi nzuri hufia humo. Osheni majani kabla ya kuyakata, siyo baada. Ukishakata na kuloweka, vitamini C na nyinginezo zinatoka na maji. Yapikwe muda mfupi, maji kidogo, sufuria imefunikwa, na supu yake isimwagwe. Magadi je? Tunajua mlenda bila magadi kwa wengine si mlenda. Lakini magadi huharibu vitamini C na baadhi ya vitamini B, kwa hiyo kwa mchicha na matembele hayana sababu hata kidogo, na kwa mlenda yapunguzwe yawe chembe tu.

Kisamvu ni habari nyingine kabisa, na hapa sheria ya kupika haraka haifuatwi. Majani ya muhogo yana sumu ambayo hutoka yakitwangwa vizuri kinuni na kuchemshwa muda mrefu bila kifuniko, ili mvuke uondoke nayo. Asiwepo mama wa kukipika kisamvu kizima kwa dakika tano eti kuokoa vitamini.

Vitamini A ya majani haiingii mwilini vizuri bila mafuta. Ndiyo maana mapishi ya bibi zetu ya kuunga mboga kwa karanga, nazi au ufuta ni elimu kamili. Kwa watu watano chukueni mafungu mawili makubwa ya mchicha, kikombe kimoja cha karanga zilizokaangwa na kutwangwa, kitunguu kimoja, nyanya mbili na chumvi yenye madini joto. Chemsheni nyanya na kitunguu katika kikombe kimoja na nusu cha maji mpaka vilainike. Korogeni karanga kwa maji baridi kwanza zisifanye madonge, mimineni, acheni zichemke kwa moto mdogo kama dakika kumi mkikoroga, kwa kuwa hushika chini upesi. Tieni mchicha, funikeni dakika tano, chumvi mwisho, epueni. Kamulieni limau mezani. Ukali ule wa limau, au papai au chungwa baada ya chakula, huusaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyo katika majani. Chai hufanya kinyume: huyazuia. Basi chai isubiri kama saa moja baada ya kula, hasa kwa mama mjamzito. Karanga zilizoota ukungu, zilizosinyaa au chungu zitupwe, asipewe hata kuku. Mwaka 2016 watu walifariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa sumukuvu iliyokuwa katika mahindi, na sumu hiyo hiyo hukaa katika karanga, wala kupika hakuimalizi.

Mtoto aliyetimiza miezi 6 (wakati fulani akina mama waliambiwa miezi minne, tangu mwaka 2001 ushauri ni sita) aanze kula huku akiendelea kunyonya. Mboga hiyo hiyo ya karanga ipondwe laini na kuchanganywa katika uji mzito au viazi lishe. Asipewe maji ya mboga tu huku majani yakibaki kwa baba.

Tuseme ukweli pia kuhusu mipaka ya mboga. Madini ya chuma ya majani huingia mwilini kwa shida kuliko yale ya nyama, dagaa au maini. Mjamzito anayekula mchicha kila siku bado anahitaji vidonge vyake vya kuongeza damu vya kliniki. Na mtoto ambaye viganja na ndani ya kope vimekuwa vyeupe huenda ana malaria au safura. Mchicha hauui minyoo. Vivyo hivyo mlonge. Majani yake ni chakula kizuri, upandeni, lakini anayewauzia unga wake kama dawa ya kisukari au ya UKIMWI anawaibia, na anayeacha dawa za hospitali kwa ajili yake anahatarisha maisha.

Mboga ikizidi, kausheni. Wagogo wanajua kazi hii tangu zamani: mlenda hukaushwa, hutwangwa, na huliwa kiangazi kizima. Lakini tunashauri kivuli. Jua kali huiua vitamini A, majani hubaki rangi ya nyasi. Yaosheni, yachovyeni katika maji yanayochemka kwa dakika mbili, yatandazeni juu ya chekeche au mkeka safi mahali penye upepo, yakifunikwa kitambaa chepesi dhidi ya nzi na vumbi. Yakivunjika mkononi yamekauka. Yawekeni katika chombo chenye kifuniko, mbali na mwanga.

Na kuuza? Kuuza si vibaya, kwani daftari na sabuni havichumwi bustanini. Ubaya ni pale mafungu yote yanapokwenda sokoni na fedha yake kurudi kama soda na biskuti. Fungu la nyumbani lichumwe kwanza.

Maswali ya kujadiliana katika vikundi:
Katika mtaa wetu, ni mboga gani za asili ambazo watoto hawazijui tena hata kwa jina, na nani bado ana mbegu zake?
Nyumbani kwetu magadi hutiwa katika mboga zipi, na kwa sababu gani?
Nani huamua kiasi cha mboga cha kuuza na cha kula, na je, baba husaidia kumwagilia?
Yuko mtoto jirani anayejikwaa jioni? Nani atakwenda kuzungumza na mama yake juma hili?