Kompresa Haijafa: Kupima na Kubadilisha Rilei ya Friji

Kabla hujanunua kompresa mpya, isikilize ya zamani. Ikinguruma kwa sekunde chache, ikalia "tak!" na kunyamaza, kisha baada ya dakika moja au mbili ikarudia vilevile, usikubali haraka kuambiwa imekufa. Mara nyingi kilichokufa ni rilei, kidude cha plastiki kilichochomekwa ubavuni mwa kompresa, na bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na ya kompresa. Hapa Arua, na Koboko pia, nimeona mafriji yanayotengenezeka yakiuzwa kama chuma chakavu kwa sababu ya kidude hicho. Inaniuma, maana friji moja ndiyo duka zima la mama anayeuza samaki wa Panyimur.

Friji ni pampu ya joto: hulitoa ndani na kulimwaga nyuma. Kinachosukuma gesi ni kompresa, na mota yake ina koili mbili, ya kuanzia na ya kukimbilia. Ile ya kuanzia hufanya kazi kwa muda mfupi sana. Ikiachwa kwenye umeme huungua. Kazi ya rilei ni kuiingiza na kuitoa. Katika mafriji mengi ya sasa, ndani ya rilei mna kipande cha kauri. Kikiwa baridi hupitisha umeme. Umeme ukikipitia hupata moto zaidi ya nyuzi 100 na kuuzuia. Baada ya hapo kinataka dakika 3 hadi 5 kipoe, ndipo kiweze kuwasha mota tena.

Muda huo wa kupoa ndio ambao hatukuwa tukiupata, maana umeme ulikatika na kurudi haraka. West Nile, eneo letu hili la Uganda, iliishi miaka mingi nje ya gridi ya taifa. Bwawa la Nyagak huko Zombo, megawati 3.5, lilianza kazi mwaka 2012, na laini ya kilovolti 132 inayopitia Gulu na Nebbi ikaiunganisha Arua na gridi mwaka 2024. Nilifurahi sana. Ila friji haiulizi umeme umetoka wapi. Ukikatika na kurudi baada ya nusu dakika, kauri bado ina moto na gesi bado imebana upande mmoja, kwa hiyo mota hukwama na kuvuta mkondo mkubwa. Kinachoiokoa ni ovalodi, swichi inayokata umeme mota ikizidiwa, ndiyo hiyo inayolia "tak!". Volti zikiwa chini, mambo huwa mabaya zaidi. Katika nyumba zenye waya mwembamba uliovutwa mbali, jioni nimekuta volti 170 mahali panapotakiwa 240.

Sasa kazi yenyewe. Chomoa plagi ukutani. Kuzima swichi tu hakutoshi. Kama kuna kapasita, itoe chaji kwanza kwa kizuizi cha umeme chenye mipini iliyofunikwa. Soma kibandiko cha kompresa: kikiandikwa R600a, gesi hiyo inawaka, basi fungua milango na madirisha, na usikaribishe jiko. Piga picha nyaya zilivyokaa, fungua kifuniko, kisha vuta rilei taratibu bila kuipinda. Itikise sikioni. Ikichezacheza kama njugu, kauri imevunjika. Isipotoa sauti, iache ipoe kabisa uipime kwa mita: nyingi huonyesha kati ya omu 4 na 50. Isiyosoma kitu imekufa. Ovalodi ikiwa baridi inapaswa kusoma karibu sifuri.

Usikimbilie dukani bado. Pini tatu za kompresa ndizo zitakazokuambia kama rilei mpya itakuwa na faida. Pima kila jozi. Kipimo kikubwa kabisa lazima kiwe jumla ya vile viwili vingine. Ukipata 12 na 18, cha tatu kiwe 30 au karibu sana. Kisha gusisha waya mmoja wa mita kwenye bomba la shaba ulilolikwangua rangi, na mwingine kwenye kila pini. Mita ikionyesha chochote, koili imegusa bodi, na hapo kweli kompresa imekwisha.

Nenda na rilei ya zamani mkononi. Koboko spea nyingine hutoka Arua au huvushwa kutoka Ariwara, upande wa Kongo, kwa hiyo utaonyeshwa nyingi zinazofanana. Linganisha idadi ya pini na nguvu farasi ya kompresa. Kuna ile iliyounganishwa rilei, kapasita na ovalodi pamoja. Mimi huitumia kumwokoa mtu ambaye samaki wake wanaharibika usiku huo, kisha narudi kuweka ya kiwandani. Kwenye friji la kizamani lenye rilei ya koili, angalia mshale unaelekea juu, kwa kuwa kipande cha ndani hushuka kwa uzito wake. Ikipinduliwa itaiunguza koili ya kuanzia.

Chomeka rilei mpya, rudisha nyaya kama zilivyo kwenye picha, funga kifuniko, washa, na usiondoke kabla haijakimbia na kuzima yenyewe kwa thamostati. Tafuta pia kifaa cha kulinda friji, kile kinachokaa kati ya soketi na plagi na kuchelewesha umeme unaporudi. Chagua chenye kuchelewesha dakika 3 au zaidi na kinachokata volti zikishuka mno. Ukiwa bado hujakipata, chomoa plagi kila umeme unapokatika, uirudishe dakika 5 baada ya umeme kutulia.