Nyumba Iliyofungwa Huwangoja Wawili

Wapendwa wanandoa, wengi wenu mnafanya kazi mjini, na nyumba yenu ya Migori au Homa Bay hukaa imefungwa miezi mingi. Masika ya Machi hadi Mei yakiisha, mnakuta bati linavuja, mchwa wamepanda mlangoni, popo wamejaa darini. Hapo ugomvi huanza: mume amekwisha kumwita fundi, mke anawaza karo.

Msiitane mafundi bado. Fungueni madirisha, mzunguke pamoja, mkiandika kila kasoro na gharama yake. Paa litangulie, kwani kupaka rangi ukuta unaovujiwa ni kutupa fedha. Kisha mchwa. Rangi ingoje.

Jadilianeni: Je, mwenzi wako anajua ukarabati uliopita uligharimu kiasi gani?