Kielezo Kimoja, Wasaidizi Wengi

Fundi wa masanduku ya bati pale Kamukunji hapimi upya kila sanduku. Anacho kielezo, hata mwenzake akikiazima, masanduku hutoka sawa.

Akili mnemba inayoandika programu yataka kielezo pia. Tangu 2025 lipo faili la maandishi tu, AGENTS.md, ambalo wasaidizi wengi hulisoma. Katika mchezo wetu wa ngeli hapa chamani tumeandika humo:

1. Maneno ya skrini yawe Kiswahili.
2. “Viti vikubwa”, si “viti kubwa”.
3. Ijaribu programu kabla ya kusema imekwisha.

Muda wa bure wa msaidizi mmoja ukiisha, twahamia kwa mwingine na faili lile lile. Hatumalizi bando tukifundisha upya. Lakini jamani, kielezo kikiwa kombo, masanduku yote huenda kombo. Tulisome pamoja kwanza.