Somo la Juma: Adhabu Ikiisha Kutimizwa

Soma: 2 Wakorintho 2:5-8



Vijana wetu wa hapa Chienge wanaoshindana kukimbia kandokando ya Ziwa Mweru wanamjua Ferdinand Omanyala wa Kenya. Tarehe 18 Septemba 2021, uwanjani Kasarani, Nairobi, alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.77, rekodi ya Afrika nzima. Lakini wengi hawajui habari ya 2017. Mwaka ule alipimwa, akakutwa na betamethasone, dawa ya kupunguza uvimbe na maumivu ambayo wanariadha wamewekewa masharti juu yake. Alieleza kwamba alikuwa anatibiwa mgongo. Hata hivyo alifungiwa miezi 14, kwa maana mwanariadha hujibu mwenyewe kwa kila kinachoingia mwilini mwake, hata kama amepewa na mganga.

Adhabu ikaisha 2018. Lakini Machi 2021, huko Lagos, alipokimbia kwa sekunde 10.01 na kufikia kiwango cha Olimpiki, chama cha riadha cha nchi yake kilimzuia kwanza. Kilikuwa na kanuni ya kutowachukua waliowahi kufungiwa. Baadaye kikamruhusu, naye akafika nusu fainali kule Tokyo. Mwaka 2022 akapata dhahabu ya Jumuiya ya Madola, Birmingham.

Tusikilaumu chama upesi. Kenya imeumizwa sana na dawa hizi. Tokyo hiyohiyo mwenzake, Mark Otieno, alisimamishwa siku ya mbio kwa kukutwa na dawa ya misuli. Anayeshinda kwa dawa amemnyang'anya mwenzake mkate. Lakini Paulo aliwaambia Wakorintho kwamba adhabu waliyompa yule mtu imetosha. Sasa wamfariji, asije akazama katika huzuni.

Neno hili linatuhusu. Tunaye ndugu aliyeuza mifuko mitatu ya unga wa wajane iliyowekwa kanisani. Tulimwondoa katika huduma mwaka mzima. Alilipa mifuko yote, akakaa benchi la nyuma bila kukosa Jumapili, hata za mvua. Mwaka ukaisha. Juzi aliposimama kuongoza maombi, watu wa mabenchi mawili wakatoka nje. Na sisi wazee, tuliompa adhabu wenyewe, tukatazama chini, hatukusema neno.

Jumapili ijayo tumempanga tena kuongoza maombi, na wazee wote watasimama pamoja naye mbele. Ibada itaanza saa tatu.