Mhindi, Baniani na Hekalu: Dokezo la Kisemantiki

Katika Kiswahili, Mhindi hutaja asili, awe Mwislamu au Mhindu. Baniani, neno lenye asili ya Kigujarati, lilimhusu hasa mfanyabiashara wa Kihindu. Mgeni atokaye Kibiti, ambako Waislamu ni wengi, afikapo kwenye mahekalu ya mtaa wa Kisutu, Dar es Salaam, huvua viatu kama msikitini na kusikia kengele kama kanisani. Hata hekalu, neno la asili ya Kiarabu, limezoeleka zaidi kupitia Biblia. Alilo nalo tayari ni methali: “Baniani mbaya, kiatu chake dawa.” Kwa kawaida hufasiriwa kuwa ni sifa ya manufaa. Tafsiri hiyo ni pungufu: kiatu husifiwa pasipo mwenyewe kusamehewa, na kosa lake halitajwi.